Baba, Nimeacha Kazi ya Serikali

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko barua haifiki, lakini kuna jambo ambalo mama hataki kulizungumza nami, na baba mdogo akilizungumza anapandisha sauti. Nimebaki na wewe. Nimeacha kazi ya serikali.

Unakumbuka siku ile tulipopata habari kwamba nimeajiriwa? Ulikuwa juu ya dungu kule Namawala, unaamia ndege wasile mpunga, nami nikaja nakimbia juu ya tuta huku nakuita. Ulishuka kwa pupa ukateguka kifundo cha mguu, na bado ukacheka. Ukasema, "Mama, sasa umefika pakavu. Hata mto ukijaa, wewe hutaloa." Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Siku ya kuripoti ulinisindikiza hadi ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, unachechemea, ukamwambia mtendaji wa kata, "Nimewaletea mwanangu. Akikosea, niambieni mimi." Nilikuwa na shahada yangu, afisa maendeleo ya jamii mzima, nikaona aibu. Leo natamani uniaibishe tena.

Ulitutoka mapema, hukuiona kazi yenyewe. Nilizunguka vijijini kwa pikipiki nikifundisha vikundi vya akina mama kuendesha miradi yao. Niliipenda. Huko ndiko nilikomfahamu Mama Paskalina, muuguzi mstaafu aliyefungua nyumba ndogo jirani na kituo cha afya cha Lupiro. Wajawazito wa vijiji vya mbali walikuja kukaa pale siku zao zikikaribia, ili maji yakifunga njia wawe wameshafika. Shirika lake lilikuwa yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyeomba misaada, yeye aliyepika, yeye aliyejua nani wa kumpigia simu. Alipopata kiharusi, nyumba ikafungwa. Waliokuwa wakichangia walipiga simu, haikupokelewa, wakaacha.

Masika iliyofuata, Yusta, katibu wa kikundi kimojawapo, alishikwa na uchungu barabara ikiwa imefunikwa na maji. Wakampakia kwenye mtumbwi. Nilisimama upande wa pili nikiwasubiri, naona watu wanapiga kasia na mtumbwi kama hausogei. Yusta alifika akiwa hai. Mtoto, hapana. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Dada, ile nyumba ingekuwepo, ningekuja mapema." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasema tu, na ndiyo maana maneno yale hayajanitoka.

Nilikwenda ofisini kuomba nyumba ifunguliwe. Nikaambiwa ni wazo zuri, ila bajeti haina nafasi. Nikarudi tena mwaka mwingine, jibu lile lile. Hawakuwa watu wabaya, Baba. Nao walikuwa na madaraja yaliyosombwa na shule zisizo na vyoo. Ndipo nikaomba kusoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, ya uendeshaji wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Nilitaka kujua shirika linajengwaje, ili aliyelianzisha akianguka lisianguke naye.

Nafasi nikapata. Ruhusa ya masomo nikanyimwa, kwa sababu fani hiyo haikuwa kwenye mpango wa mafunzo. Mkuu wangu wa idara, mtu mpole, aliniambia, "Levina, fikiria vizuri. Wenzako wanakililia hicho kiti." Nilifikiria usiku na mchana. Kisha nikaacha kazi.

Baba mdogo aliniita mbele ya ukoo. "Kaka yangu alikufa akijua mwanawe ana kazi," akasema. "Leo nikienda kaburini kwake nimwambie nini?" Mama aliinuka akaenda kupepeta mchele. Tangu siku hiyo tunasalimiana, tunaulizana hali, basi.

Nakueleza ukweli, Baba: naogopa. Darasani wenzangu wanawazungumzia wafadhili kama watu wa nyumbani kwao, mimi nakaa nyuma naandika kila neno. Naogopa nitamaliza masomo nikose pa kushika. Naogopa kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Simu ya mama ikiita, naitazama kwanza kabla ya kupokea.

Sasa nimerudi huku Lupiro kwa mafunzo ya vitendo. Mimi, Yusta na akina mama wa vikundi tumeunda kamati, tukagawana majukumu, tukasajili shirika, tukafungua chumba kimoja cha nyumba ile. Mama Paskalina alikuja akiwa ameshikwa mkono. Mdomo wake umepinda upande, lakini tulimwelewa: "Safari hii msinitegemee mimi. Wala msimtegemee huyu msomi." Tulicheka wote.

Na wa kwanza kuingia kwenye chumba hicho ni Yusta. Ana mimba tena. Mvua zimeshaanza. Kila akishika kiuno mimi naacha nilichokuwa nafanya, mpaka yeye ndiye anayenituliza: "Dada, bado bwana. Kaa chini."

Jana mchana pikipiki ilisimama nje. Nikamwona mama anashuka, ametoka Namawala bila kuniarifu, ana mfuko wa mchele na kuku aliyefungwa miguu. Nilimwamkia, akaitikia. Nikangoja aanze habari ya kazi. Akauliza, "Huyo binti uliyenitajia kwenye simu yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Aliingia, akakaa kitandani pembeni ya Yusta, akaanza kumsugua mgongo taratibu, akimuuliza kwao ni wapi na mume wake ni mtoto wa nani. Mimi nikabaki mlangoni, sijui niingie au niondoke. Hakugeuka kunitazama.

"Umesimama tu hapo?" akasema. "Kabandike maji."

Baba, nilikwenda nikabandika maji. Moshi ulinisaidia, hakuna aliyeuliza kwa nini machozi yananitoka.

Sijui kesho italeta nini, kwa Yusta wala kwangu. Utuombee huko uliko, na ulale salama.

Mimi mwanao wa kwanza,
Levina