Njia ya Kwenda kwa Limbali

Jumatatu, 2 Juni

Asubuhi yote nimeosha kwadi zetu mbili, pikipiki za magurudumu manne. Matope ya kisiwa cha Mbiye hayaondoki kwa maji peke yake, yanataka kijiti na uvumilivu. Ile nyekundu inakohoa. Nyeusi haijambo. Mgeni hakuna leo, kesho hakuna, Jumatano labda. Tangu vita ishike Kivu, wageni wa mbali hawaji tena Kisangani, na wenyeji wenye pesa wanaona kisiwa ni mahali pa wavuvi na mbu.

Mama Véro, mwenye kwadi, amepiga simu kutoka mjini. Anataka njia mpya. Anasema wateja wamechoka kuzunguka vijiji viwili na kurudi mtoni juu ya kwadi. Anataka wapande mpaka kwenye limbali, ile miti mikubwa katikati ya msitu. Nimemwambia huko watu huenda kwa miguu. Amenijibu kwamba miguu hailipiwi.

Ana haki. Sikupenda.

Jumatano, 4 Juni

Wamekuja. Maharusi wa wiki iliyopita, kutoka Kinshasa. Nimewavusha kwa mtumbwi kutoka upande wa Wagenia, nimewavalisha kofia ngumu, nimemwonya bwana asishike breki ya mbele kwenye mteremko. Ameishika. Hakuumia, aibu tu. Bibi amecheka mpaka akakaa chini.

Baada ya vijiji tumeacha kwadi tukatembea. Vijito viwili, kila kimoja na gogo lake moja la kuvukia. Bwana amevuka la pili kwa kutambaa. Halafu msitu unabadilika. Chini ya limbali hakuoti kitu, ni giza na pasafi, mtu angesema pamefagiliwa. Ile kubwa kuliko zote huwezi kuizunguka kwa mikono ya watu sita. Nimewafundisha desturi ya watu wa kisiwa: ukipita, piga mzizi wake kwa kiganja, mara moja, ili kama kuna aliyepotea asikie kwamba mtu yupo. Bibi amepiga. Amesikiliza. Akaanza kulia. Sikumuuliza. Na mimi mara ya kwanza nililia.

Hii ndiyo kazi yangu na sitaki nyingine. Nilibeba watu kwa baiskeli miaka mingi, toleka kati ya Mangobo na soko kuu, na hakuna abiria hata mmoja aliyelia kwa sababu ya uzuri. Walilia kwa sababu ya mashimo.

Jumapili, 8 Juni

Amisi amefika. Ni mdogo wake Zaina, mke wangu. Ametoka Kivu ya Kusini na mke na watoto watano: lori, miguu, mtumbwi hadi Ubundu, pikipiki hadi hapa kwetu Kabondo. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Zaina ametwanga lituma ya ndizi sufuria nzima, na samaki, na wametia mikono mpaka sufuria ikabaki tupu. Mtoto mdogo hawezi kulala bila kushika sikio la mama yake.

Kule Amisi alikuwa fundi wa mbao. Randa, misumeno, vyote vimebaki. Anashika mlango wetu, anaufungua na kuufunga, anatazama bawaba. Kesho atautengeneza, namjua.

Nampenda Amisi. Naandika hivi sasa ili iwepo.

Jumatano, 11 Juni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimempa panga. Mama Véro amekubali Amisi asimamie kufungua njia, na wanaume wa kisiwa wamsaidie. Upana wa kwadi na kiwiko kila upande.

Nimekwenda kwa mkuu wa kijiji na chumvi na sabuni, kuomba ruhusa. Amepokea. Ameuliza jambo moja tu: madaraja mtajenga? Nikasema bila shaka, kwadi haipiti juu ya gogo. Mzee akacheka peke yake. Sijui alichekea nini.

Ijumaa, 20 Juni

Madaraja yamekwisha, yote mawili. Mbao zimekaa sawasawa, hakuna hata moja inayocheza. Nimepita na nyekundu, halafu nyeusi, halafu nimerudia zote mbili kwa furaha tu. Amisi alisimama pembeni na msumari mdomoni, akijifanya hatazami.

Nimemsifu mbele ya watu. Jioni Zaina ameniwekea kichwa cha samaki.

Jumamosi, 5 Julai

Wateja wa kwanza wa njia mpya. Daktari wa mjini, mkewe, na kaka yake. Hakuna aliyeshuka hadi tulipofika kwenye mzizi. Kaka hakuzima hata injini. Nimeeleza desturi, akapiga mzizi kwa kofia ngumu. Mara nne.

Mti ni ule ule. Hakuna aliyelia. Mama Véro amefurahi sana.

Alhamisi, 17 Julai

Leo kwenye daraja la kwanza nimekutana na baiskeli. Haina mpanda. Magunia matatu ya makala, makaa ya miti, juu yake na mtu nyuma anasukuma, kichwa chini. Amenipisha kwa adabu. Nyuma yake ya pili. Nyuma ya hiyo ya tatu.

Mwanzo nilifikiri tu: mbona hawana breki. Nilifika kwenye daraja la pili ndipo akili ikanirudia. Nilizima injini nikakaa.

Huko ndani hakuna aliyewahi kuchoma makala. Si kwa sababu ya sheria. Kwa sababu ya magogo mawili. Nani atavuka gogo lenye utelezi na gunia kichwani, aende, arudi? Alijaribu mmoja zamani, akatoka mtoni na mguu uliovunjika, na habari ikaisha. Vile vijito ndivyo vilikuwa askari. Sisi tumeviwekea mbao na misumari, tumefyeka na njia, upana wa baiskeli na kiwiko kila upande. Mzee yule alijua. Ndicho alichokuwa akicheka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeusema msemo huu kwa wengine mara nyingi, na kwa raha.

Jumanne, 22 Julai

Nimefuata moshi. Tanuri la udongo lenye urefu wa mtumbwi, linafuka taratibu. Aliyekaa kando yake, uso mweusi, ni Amisi.

Kazi ya njia imekwisha, Mama Véro hana nyingine ya kumpa. Hilo nilikuwa nalijua. Nilidhani anashinda bandarini anabeba mizigo. Kila jioni alikuwa anaoga mtoni kabla ya kurudi.

Nimepiga kelele. Maneno ya kijinga: urithi, wageni, uzuri. Amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu:

"Shemeji, batoto yangu batakula nini? Kwadi?"

Nimegeuka kushika njia.

Tulipoachana ameniita tena. "Ile kubwa sitaigusa. Ile iko yako."

Jumatano, 30 Julai

Nimemwomba Mama Véro tubomoe madaraja. Amenitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Madaraja yakiondoka, kwadi zitapita wapi? Bon, amesema, panda miti mingine.

Nimebomoa mwenyewe. Jumapili, peke yangu, mbao za daraja la pili, nikazitupa mtoni. Jumatatu asubuhi daraja lilikuwepo, jipya, la magogo manene kuliko letu. Si kazi ya Amisi, yeye hafanyi kazi mbovu vile. Sasa wachomaji ni wengi. Wengine ni wa kisiwa, wengine wamefika kutoka Maniema, wengine sijui. Nimewasalimia wakanisalimia. Hakuna adui wa kumkasirikia. Hilo ndilo linanichosha.

Zaina haongei nami tangu Jumapili. Ana haki naye. Mwaka huu kila mtu ana haki.

Jumapili, 10 Agosti

Chini ya limbali sasa jua linaingia. Nyasi zimeota. Sikuwahi kuona nyasi pale.

Jumatano, 13 Agosti

Mbegu ya limbali niliyoiokota ili kupanda, nikaiweka dirishani, kubwa ya kujaza kiganja, imetobolewa na wadudu. Ndani unga mtupu. Nimeitupa kabla Zaina hajaiona. Sijui nilikuwa namficha nini.

Jumamosi, 23 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Wateja watatu, wafanyakazi wa ofisi, marafiki wanasherehekea cheo cha mmoja wao. Watu wazuri, wacheshi. Niliwaongoza mbele na nyeusi. Daraja la kwanza, la pili, kona, na pale mbele palikuwa na mwanga mkubwa kupita kiasi.

Ilikuwa imelala. Mzizi umesimama juu, mrefu kunizidi, na udongo bado unadondoka. Wamekata mizizi yake ya upande mmoja kwa msumeno wa mota, labda jana, na ilipoanguka imeangusha nyingine ndogo, imefungua anga lote. Kulikuwa na harufu kali, kama maziwa yaliyochacha.

Nilifikiri watarudi nyuma. Wamepiga kelele za furaha. Wamepanda juu ya gogo, wamepanga mstari, wamepiga picha, wameruka kwa pamoja. Yule mwenye cheo alilala chali juu yake akafungua mikono. Wananiita: "Guide, kuya! Kuya na wewe!" Nilikwenda. Nimo kwenye picha. Nimecheka, nadhani.

Wakiniaga kwenye mtumbwi wamesema hapo ndipo palipowapendeza kuliko kote.

Hawakujua kwamba ilitakiwa kusimama. Nani angewaambia? Mimi ndiye kiongozi wa matembezi, na mimi nimenyamaza.

Jumapili, 24 Agosti

Nimemuuliza Amisi. Ameapa si yeye. "Bamekata bengine. Mimi niliomba matawi tu, shemeji. Ilikuwa imeshaanguka."

Namwamini. Hainisaidii kitu.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama Véro ameona picha kwenye simu. "Bon, Shabani, clients banapenda. Tuache vile." Anataka nichonge ngazi kwenye gogo, wanawake wapande vizuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Ngazi haikupata siku ya kukanyagwa. Gogo lote limekwenda, kipande kwa kipande, na mzizi wamechoma papo hapo. Limebaki shimo lenye maji ya mvua. Wateja wawili wa Jumamosi walitazama shimo, walinitazama mimi, wakaomba turudi.

Leo Mama Véro amekuja kisiwani mwenyewe, na viatu vyeupe. Hajanilaumu. Amefikiri sana, amesema. Matembezi yamekufa, lakini kwadi ni nzima. Amemwagiza fundi atengeneze kitoroli cha kuvuta nyuma. Kwadi moja itatoa magunia mengi kuliko baiskeli kumi, na wachomaji wako tayari. Anahitaji mtu anayeijua njia.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na maneno, yalikuwa mengi. Nikakumbuka toleka na magoti yangu.

Nimekubali. Naanza Jumatatu.

Jumapili, 14 Septemba

Amisi amehama. Amepata vyumba Mangobo, karibu na soko. Watoto wamebeba mikeka na sufuria, yule mdogo ameng'ang'ania mlango, ule ambao baba yake aliutengeneza, haulii tena ukifunguliwa. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Kwetu mtu uliyemlaza hatoki mikono mitupu. Anakuachia kitu cha kazi yake jikoni, na siku hiyo hiyo lazima ukipikie na ule. Ukiacha, ni sawa na kumfukuza, na hatakanyaga tena. Amisi ameacha gunia moja. Alilisimamisha mwenyewe pembeni ya mafiga, akalikung'uta vumbi, akaniangalia. Hakusema ni la mti gani. Hakuhitaji. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamwambia asante, shemeji.

Zaina ameanza kuongea nami. Amepanga makala, ameyawasha, amekaa kwenye kigoda kumenya ndizi.

"Iko muzuri," amesema. "Haiko na moshi hata kidogo."

Amekwenda kuchota maji. Nimetoa kipande kimoja kutoka kwenye gunia, kizito, cheusi, kinang'aa upande uliokatika. Nimekiweka chini nikakipiga kwa kiganja, mara moja. Nimesikiliza.

Halafu nimekirudisha, nimenawa mikono. Zaina amepakua. Nimekula, na nimeongeza.