Neno Langu Lilikuwa Run

Jumatatu, 3 Juni 2024
Darasa letu la ngumbaru, la watu wazima, leo. Mwalimu Kinuthia ametugawia maneno ya shindano la Kizungu la Ijumaa, Thika. Kila mtu neno moja la Kizungu — unasimama, unalitungia sentensi nyingi uwezavyo, lakini maana usirudie. Mimi nimepewa run. Nikamwambia hiyo ni kukimbia tu, imeisha. Akacheka. Eti nilitafute sokoni.

Jumanne, 4 Juni
Nimelitafuta kweli. Jackie wa saluni anasema yeye ana-run biashara, yaani anaiendesha. Pua ya mtoto wake ikitoka kamasi nayo ina-run. Mfereji ukitoa maji pia. Kitenge kikitoa rangi kwa maji, kime-run. Hili neno halichoki.

Jumatano, 5 Juni
Bwanangu Bedan ameuliza, na umri huu Kizungu ni cha nini. Nilikuwa napika nikisema pole pole: we have run out of salt. Na kweli chumvi ilikuwa imeisha.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeshinda!
Nilianza na pua. Watu wakacheka, woga ukaisha. Biashara, mfereji, kitenge, chumvi. Halafu nikakwama. Mstari wa mbele nikamwona Maluki, mwenyekiti wetu wa soko la Gatongora, anabonyeza simu. Kila uchaguzi wa soko hakuna wa kushindana naye, na choo cha wamama amekifunga kufuli tangu mwaka jana. Mdomo ukajisemea: "I will run for chairlady." Yaani nitagombea kiti chake.
Wamama wa soko wakasimama wote. Maluki akaweka simu mfukoni.
Sikuwa nimepanga. Lakini nikikaa chini nilijua haikuwa sentensi tu.

Jumamosi, 8 Juni
Naandikia hapa sokoni, kwa meza yangu ya kuuza nyanya. Tangu asubuhi wamama wanapita: "Rachael, ulikuwa unacheza ama ni ukweli?" Ni ukweli. Hata Bedan ameuliza picha ya bango la kura nitapigwa nikiwa na kitambaa kichwani ama bila. Bila.
Saa hii Maluki amekuja. Ameniwekea soda mezani, akaniita mama kwa heshima. Eti nikiacha hayo mambo, choo kitafunguliwa Jumatatu. Nimemwambia kifunguliwe leo, na kura ibaki. Ameenda kando kupiga simu. Wamama wa meza zote wananiangalia mimi.
Soda sijaigusa.