Mkono wa Musafiri kwenye Jalada

Masisi, Jumamosi asubuhi, 1955

Papa Anatole, mwalimu wangu,

Kiti chako bado kiko pale dirishani. Sikikalii. Tangu tulipokuzika Nyamitaba nimechonga peke yangu vibao vya kuchapia majalada mawili ya gazeti, na yote yalikuwa rahisi. La tatu linaniogopesha.

Mwezi huu gazeti linaeleza maisha ya Musafiri, yule mpiga gitaa wa Walikale ambaye nyimbo zake zinaimbwa hata na wachunga ng'ombe wa huku kwetu. Jumatatu nilifanya ulivyonifundisha: kabla ya kushika kisu nikasoma habari yote ya ndani, mara mbili. Musafiri anasimulia jinsi jiwe la mgodini lilivyomkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na jinsi alivyojifunza upya kubana nyuzi kwa vile vilivyobaki. Maisha yake yote yako katika mkono ule.

Jumanne Padri anayesimamia gazeti akaja kusimama nyuma yangu. "Umuweke vidole vyote," akasema. "Kampuni ya mugodi njo inatupatia karatasi. Wakubwa wa kampuni hawasome Kiswahili ya mule ndani. Inje wanaangalia."

Nikajibu, ndiyo Padri. Nikachora vidole vitano.

Unakumbuka nilipomchonga yule mcheza mpira, nikampa miguu mizuri kuliko yake? Ulisoma habari, ukatazama kibao. "Deo, huyu umemutoa wapi? Mule ndani haiko." Tukapikia maharagwe kwa kibao kile, na ukanicheka mpaka yakaiva.

Lakini wewe hukuwa na hofu hii. Mwezi uliopita karani wetu alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko kumkaidi Padri, na siku ile ile vyombo vyake vikawa nje ya nyumba ya kazi kama hii yetu. Veronika wangu amebakiza wiki chache kujifungua. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, kisu changu kinasimama.

Jana kibao kilikuwa tayari. Nikakiweka mbele ya kioo chako kidogo, nione kitakavyotoka kwenye karatasi. Musafiri alikuwa pale anatabasamu, vidole vitano. Nimekutoa wapi, nikamuuliza moyoni. Msomaji angefungua gazeti na kukutana na mtu mwingine.

Nikakirudisha mezani. Nikatoa vidole viwili.

Papa, unajua mti. Hakuna gundi wala dawa ya kuvirudisha. Nilipuliza vumbi, halafu nikakaa, sikio mlangoni.

Leo asubuhi nimemwonyesha Veronika. Alikitazama kibao. Halafu akaanza kufunga masufuria katika kitenge. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Saa nane mchana kibao kinakwenda kwenye mashine. Nitakipeleka mwenyewe, na Padri atakiona kabla ya wino, asije akasema nilimficha.

Kwaheri, Papa. Upumzike huko kwenye baridi ya Nyamitaba. Wakinifukuza, nitaondoka na kisu chako na kioo chako, na popote nitakapopata meza nitasoma kwanza, ndipo nichonge. Hilo ninakuahidi.

Wakiniacha kazini, Jumatatu nitakaa kwenye kiti chako.

Mwanafunzi wako,
Deo