Sungura Hasimuliwi Mchana

Nyakasimbi, Alhamisi, 1987

Eti ushirikina. Mkaguzi kanisema mbele ya watoto arobaini na sita, na ripoti yake ndiyo ingeamua kama naenda chuo au nazeeka na jina la mwalimu wa UPE, wa kuokotwa bila kupita chuoni.

Somo lilikuwa kulinganisha hadithi mbili za Sungura. Nikawaambia wasimulie.

"Mchana hatusimulii, mwalimu," Adventina akasema. "Ukisimulia, mama yako anaota mkia mgongoni."

"Kwetu unageuka mjusi wewe mwenyewe," akadakia Yohana, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda.

Wakabishana kipindi kizima ipi ni haki: aadhibiwe mama, au mwenye mdomo wake? Walilinganisha vizuri kuliko nilivyopanga, ila Sungura hakutajwa.

Hapo ndipo mkaguzi akasimama. "Ushirikina huu. Sungura mnamwogopea nini?"

"Shikamoo, mzee," Adventina akamjibu. "Basi anza wewe."

Bwana mkubwa na tai yake akatazama dirishani. Jua kali. Akakohoa.

"Mama yangu bado yuko hai," akasema polepole.

Akaandika kwamba somo limeeleweka, akaondoka bila hata kunywa chai. Chuo naenda. Mungu amtunze yule bibi, mama yake mkaguzi, na mgongo wake ubaki ulivyo.