Shira kwenye jagi la kunawia

Sheetal, waache wateja wasubiri, soma hii.

Nimemnawisha baba yake Elias kwa shira. Ile shira yako uliyonifundisha, ya iliki na tangawizi, ya kumwagia pankeki.

Baba mkwe mtarajiwa. Siku yake ya kwanza kufika kwetu Mkolani.

Niliiweka kwenye jagi ikiwa vuguvugu, na maji ya kunawa yalikuwa kwenye jagi pacha lake. Nikapiga magoti kwa adabu zote, shikamoo baba, nikammiminia.

Mzee akasugua. Akasugua tena. Akasema, "Mwanangu, hii sabuni yenu mbona haitoi povu?"

Vidole vimegandana, Sheetal. Vimegandana. Mama yake Elias anaangalia dari.

Halafu mzee akalamba kidole. Nikajua uchumba umeishia hapo. Akalamba na cha pili, akamgeukia mwanaye: "Elias, kama maji ya kunawa ndiyo haya, chakula kitakuwaje?"

Sasa wote wananisubiri mezani. Mimi nimejifungia jikoni, kwa sababu pankeki zote niliziunguza wakati nakoroga hiyo shira yako.