Mama Alitugawia Sawa

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Mwera. Sisi wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua. Mjomba wako wa Kigombe kapata mtoto wa kike.

Umeuliza kama kwetu yupo aliyeugua kifua. Yupo, mdogo wangu Zuhura. Kiwandani tulisafisha singa, zile nyuzi za mkonge, chumba kimoja, vumbi likitufanya weupe mpaka kope. Yeye akaanza kubanwa na kifua. Mimi hata kikohozi sikupata. Yaliyofuata siyaandiki.

Marehemu mama yetu alikuwa mtu wa kugawa sawasawa. Khanga alinunua doti moja, kila mmoja kipande chake. Tulipotoka kumzika Zuhura alinishika mkono akaniuliza, "Mwenzio nilimnyima nini?" Aliuliza hivyo mpaka uzeeni, na kila jioni aliniwekea sikio mgongoni, asikilize kama zamu yangu imefika.

Sasa wewe msomi wetu unaniambia watoto wa tumbo moja si lazima warithi jeni za kinga zilezile, na kuna ambao kinga yao hupambana na vumbi kwa ukali mpaka ikaumiza mapafu yenyewe. Huenda Zuhura ndiye huyo. Basi mgawo ule haukupita mkononi mwa mama.

Jana nilikwenda makaburini nikamsomea mama barua yako. Nilipomaliza nikaketi kando yake, mgongo nimemwelekezea kama zile jioni, nikavuta pumzi ndefu.

Bibi yako,
Mwanaidi