Punje ya Mahindi Mgongoni

Tunduma,
12 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima na goti limeacha kukusumbua kwenye mteremko wa kisimani. Sisi wawili hapa hatujambo. Nasema wawili kwa sababu Idrisa ameondoka na lori wiki ya pili sasa, yuko kwenye foleni mpakani mwa Kongo na hajui atatoka lini. Kutwa nzima naongea na mtoto wa miezi tisa. Mariam ananitazama mdomo kana kwamba anasubiri nimalize aende zake.

Mama, juzi kliniki nesi mmoja, Sista Imelda, alitukalisha kwenye benchi akasema mtoto huelewa mengi kabla ulimi wake haujakomaa. Eti ukimfundisha ishara za mikono, atakuomba maziwa miezi kadhaa kabla hajaweza kutamka neno. Wenzangu walicheka. Mimi nilitazama mikono yangu mapajani, nikajiona niko jikoni kwetu Ileje, nina miaka mitatu, nakuomba uji kwa mikono.

Ishara zetu nimesahau nyingi. Nakumbuka chache tu, kama ile yako, kidole kwenye mwanya wa meno, nayo nimeshamfundisha kwamba huyo ndiye bibi. Maziwa tulisemaje? Na nyingine? Na nimeshiba? Najua baada ya ile siku sina uso wa kukuuliza, lakini nimuulize nani mwingine? Duniani lugha hii tulikuwa nayo wawili tu.

Barua nampa Ombeni, konda wa gari la Itumba, kama kawaida.

Mimi mwanao,
Ikupa


Ileje,
28 Aprili 2024

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Goti lipo, linauma, na mteremko upo vilevile. Mvua bado zinatupiga, mahindi yamesimama vizuri, nguruwe wa jirani wamekula viazi vyangu na jirani anasema hakuwaona. Mimi ndiye kiziwi, lakini kipofu ni yeye.

Kwa hiyo manesi wamegundua. Waambie hongera. Tangu homa ya uti wa mgongo iliponifunga masikio nikiwa darasa la sita, watu wa hapa walinicheka sauti nikaiacha, nikabaki na mikono. Ulipozaliwa walisema utakuwa bubu kwa kukosa wa kukuongelesha. Wewe ukaanza kuniomba maziwa kwa mkono hujafikisha mwaka, na ulipopata mdomo hukunyamaza mpaka leo.

Maziwa: fumba na kufumbua kiganja, kama anayekamua. Nyingine: vidole vya mkono mmoja vikikomba kiganja cha mwingine, kama anayelamba bakuli. Nimeshiba: mkono ulale upite chini ya kidevu. Bado: kidole kigonge kifundo cha mkono mara mbili. Fanya polepole, mbele ya macho yake, kila mara unapompa kitu. Usichoke. Kwa wiki nyingi atakutazama tu kama ng'ombe, halafu siku moja atakujibu.

Ile siku tuiache.

Kigoda changu nimekihamisha. Zamani nilikaa nikitazama moto, nawe ukitoka shule unanirushia punje ya mahindi mgongoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yetu. Tangu uolewe nakaa nikiutazama mlango, angalau nione kivuli cha anayeingia. Mboga zinaungua nyuma yangu.

Mimi mama yako,
Tusekile


Tunduma,
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Sisi wazima, ila vumbi la malori limetukausha koo. Idrisa alirudi, akalala siku nne, akaondoka tena.

Mama, amejibu. Ilikuwa Alhamisi, nafua nguo uani. Mariam alikuwa amekaa kwenye mkeka, halii wala hafanyi fujo. Nikageuka nikamkuta amenyoosha mkono, anafumba na kufumbua kiganja. Nilidhani anacheza. Nikamnyonyesha, alipomaliza akakomba kiganja kwa vidole. Nyingine! Nililia mama, povu likaniingia machoni nikalia zaidi. Jirani yangu, Mnyamwanga anayeuza sabuni kwa Wazambia, alichungulia akaniuliza nimefiwa na nani.

Kwa miezi yote hii nilikuwa naongea peke yangu ndani ya nyumba hii. Sasa kuna mtu.

Picha yako ya kipaimara nimeibandika ukutani. Kila asubuhi anaiangalia na kugusa meno yake.

Mwanao,
Ikupa


Ileje,
16 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kahawa imeanza kuiva na mikono imejaa utomvu.

Barua yako imenifurahisha na imeniumiza, acha niseme vyote. Siku ya harusi yako, kabla watu wa Idrisa hawajaingia, ulinishika bega ukaniambia kwa mikono yenyewe: mama, leo mikono ifiche chini ya kitenge. Nikaificha. Nilikaa hivyo kwa muda wa saa sita na sikuwa na la kusema kwa mtu yeyote, hata kwako. Tangu siku hiyo sijakanyaga Tunduma.

Lakini sikiliza. Mtoto akishapata maneno huiacha mikono. Wewe uliiacha hivyo hivyo, moja moja, kama anayeondoa vyombo mezani, na ulipofika darasa la pili ulikuwa unaniandikia vikaratasi. Sikulaumu, ndivyo ilivyo kwa mwenye masikio. Ila mjukuu huyu kwa sasa hana maneno, na mimi sina. Tuko sawa. Ni miezi michache tu tutakuwa sawa, halafu hatutakuwa tena. Nataka nimwone kabla hajaanza kusema.

Nikimaliza kuchuma kahawa nitakuja, kama utapenda.

Mama yako,
Tusekile


Tunduma,
9 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kahawa imekwendaje?

Mama mkwe, Bi Mwasiti, yule ambaye hakuweza kuja harusini, amekuja kutoka Kigoma kukaa nasi, maana Idrisa hayupo na anasema si vizuri niwe peke yangu. Ni mama mwema, ananipikia na kumwogesha mtoto. Lakini alipoona ile mikono alishtuka. Dada yake alikuwa na mtoto aliyechelewa kusema mpaka miaka mitano, na anasema mtoto akizoea mikono ulimi unalala. Mariam ana mwaka na mwezi na hajasema hata baba. Alinishika mkono, mama, akaniambia: "Mwanangu, usimfunge mtoto mdomo kwa kiganja chako."

Nimeacha kwanza. Mariam ananiomba kwa mkono, mimi najifanya sijaona, anakaa ananitazama.

Bi Mwasiti hajui habari zako, namaanisha za masikio. Idrisa hakumwambia, nami sikumwambia. Nikimwambia sasa atasema ndiyo sababu mtoto hasemi. Kwa hiyo mama, usije kwanza. Subiri mpaka aondoke. Nakuomba usinielewe vibaya.

Mwanao,
Ikupa


Tunduma,
30 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimesubiri jibu wiki saba. Kila gari la Itumba likifika naenda stendi, Ombeni ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Nimemuuliza kama unaumwa, akasema hapana, alikuona kanisani. Kwa hiyo umenyamaza kwa kutaka. Nastahili.

Mariam amesema neno. Jumatano iliyopita alisema "maji", wazi kabisa, na Bi Mwasiti alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nami nilifurahi. Usiku nilikumbuka ulichoandika kuhusu vyombo na meza, furaha ikaniishia.

Lakini ninaandika kwa jambo jingine. Tangu katikati ya mwezi huu Mariam ana ishara mpya ambayo sikumfundisha. Nikimbeba mgongoni anageuza kichwa nyuma, anatafuta kitu, halafu anachora kidole kwenye nyusi yake na kuweka mkono kifuani. Niliiona kwenye kioo cha duka. Nikaomba kiti.

Hiyo ni mimi, mama. Ni jina langu, la kovu langu la kwenye nyusi nilipoangukia jembe. Nyusi, halafu kifua: wangu. Katika dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniita hivyo. Nani amemfundisha mwanangu?

Ikupa


Ileje,
13 Oktoba 2024

Mwanangu Ikupa,

Marahaba. Sikuumwa.

Nilikuja. Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba. Uliniandikia nisije, nami nikajidanganya kwamba nakuja kununua chumvi. Nani anayetoka Ileje mpaka Tunduma kufuata chumvi? Nilifunga maharage kilo tatu kwenye mfuko, nikamwapisha Ombeni asikwambie. Usimgombeze.

Hata sikufika kwako. Nilikukuta sokoni, kwa wauza vitenge, na mama mmoja mtu mzima pembeni yako, nikajua ndiye mama mkwe wako. Ulikuwa unacheka. Kicheko chako sijawahi kukisikia, lakini nakijua kwa mabega. Mtoto alikuwa mgongoni mwako, anatazama nyuma. Nilisimama hatua nne kutoka kwenu. Mikono yangu ilikuwa chini ya kitenge, na wala sikuiambia iende huko. Ilikwenda yenyewe.

Nikamtabasamia. Akaniangalia, akauona mwanya, akaweka kidole kwenye meno yake.

Basi nikaitoa mikono, Ikupa. Tuliongea. Aliniambia maziwa, nikamwambia bado. Akaniambia nyingine, sijui nyingine ya nini, labda ya mimi. Watu walipita katikati yetu na mikokoteni ya mahindi, wakishapita tunaendelea. Nikamwonyesha mgongo wako. Nikachora nyusi, nikaweka mkono kifuani. Huyu ni wangu. Akarudia. Nikarudia nami. Halafu mkaanza kuondoka, naye alinitazama mpaka umati ukanifunika.

Nilipanda gari la saa nane. Maharage nimerudi nayo.

Usiniulize kwa nini sikukugusa bega. Ungegeuka, na ningeuona uso wako kabla hujapata nafasi ya kuupanga. Uso huo niliuogopa. Nilishauona mara moja, siku ya harusi.

Nilimkuta kabla ya maneno. Nilitaka hilo tu, na nimelipata. Usijisumbue.

Mama yako,
Tusekile


Tunduma,
16 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili nilishindwa, nikamsomea Bi Mwasiti kwa sauti ili nisiweze kuacha katikati. Nilimsomea zote, hata ile ya harusi. Nilimwambia kwamba mama yangu ni kiziwi, kwamba mimi nilinyonya mikono kabla ya maneno, na kwamba mdomo wangu huu anaousifu kila siku ulitokea humo.

Aliichukua barua mkononi mwangu akaikunja. Halafu akasema: "Yule mama mwenye mfuko wa maharage? Nilimwona. Nikaiogopa ile mikono, nikakwambia twende." Nami nakumbuka alinivuta mkono, mama, na nilienda bila kuangalia nyuma. Akaniuliza pole inasemwaje kwenu kwa mikono. Nikamwonyesha. Anaikosea kosea, lakini anaikosea kutwa nzima.

Sitakuficha, mikono imeanza kumpungua Mariam. Ana maneno manne sasa, na maji haombi tena kwa mkono. Bado ana maziwa, ana nyingine, ana wewe, ana mimi. Sijui kwa muda gani.

Jumamosi tunakuja, sisi wawili na Bi Mwasiti, kwa gari la asubuhi. Usipike kitu kikubwa, pika hayo maharage. Na kigoda kirudishe pale kilipokuwa zamani. Kaa ukitazama moto, mlango uupe mgongo, hata ukiona kivuli usigeuke. Nimempa Mariam punje za mahindi, tunafanya mazoezi hapa uani. Anarusha ovyo, nusu zinaishia kichwani kwake, lakini mgongo wa bibi yake hataukosa.

Ni mimi, wa nyusi,
wako